SATARANJI MBULU NA HANANG: NANI KASEMA LAZIMA UANZIE KATI?

Kimya changu kilikuwa cha mitihani tu, mimi mzima kabisa, boom limeingia na limeshaisha, maisha ya chuo yanaendelea kama kawaida. Leo sina stori za kantini wala za maji kukatika hosteli. Leo nina hoja, na nitaimwaga yote hapa kwa sababu Jumamosi tunaipigia kura na naona watu wameanza kupita vyumbani kutafuta wafuasi.

Hoja yenyewe iko hivi. Sisi wanafunzi tunaotoka Mbulu na Hanang tuna kaumoja ketu hapa chuoni. Sio chama kikubwa, ni watu wachache tunaojuana, tunachangiana nauli mtu akifiwa na tunacheka Kiiraqw na Kibarbaig chetu bila kuulizwa maswali. Kila mwaka tunachanga kidogo kidogo, na likizo ndefu ikifika tunapeleka kitu nyumbani kwenye sekondari mbili, moja kila wilaya. Mwaka huu mezani kuna mapendekezo mawili: jezi na mipira, au mbao za sataranji. Mimi ni wa sataranji. Lakini hata sisi wa sataranji tumegawanyika. Wenzangu wanataka tukienda kufundisha tuwaanzishe watoto kwa kushika kati, kama vitabu vinavyosema. Mimi nasema tuwaanzishe na ufunguzi wa pembeni. Kwa hilo nimeitwa muoga, nimeitwa mtu wa kujifanya tofauti. Haya, ngoja nijieleze.

Kwa ambao hamchezi, msikimbie. Ubao wa sataranji (wengi mnaita chesi, sawa tu) ni ule ule wa drafti mnaouona kila kijiwe, vyumba 64. Tofauti ni kwamba kwenye drafti vizibo vyote ni sawa mpaka kimoja kiwe kingi, lakini kwenye sataranji kila kete ina mwendo wake tangu mwanzo. Kuna mfalme, malkia, ngome mbili, maaskofu wawili, farasi wawili na askari wanane wa mbele. Ukimbana mfalme wa mwenzako akakosa pa kwenda, umeshinda.

Sasa, katikati ya ubao kuna vyumba vinne ambavyo wachezaji wanaviita d4, e4, d5 na e5. Hapo ndipo penye mali. Mchukulie farasi: ukimweka katikati ana njia 8 za kuruka, ukimweka kwenye kona ana 2 tu. Kete ile ile, nguvu mara nne. Ndiyo maana mtu akianza kujifunza anaambiwa siku ya kwanza: sogeza askari wa mbele ya mfalme au wa mbele ya malkia vyumba viwili, kaa katikati, usitoke. Ushauri mzuri, siupingi.

Ufunguzi wa pembeni ni pale unapoanza na kitu kingine. Unasogeza askari wa c, au unatoa farasi kwanza, au unampa askofu nafasi kwenye mshazari mrefu, na kule kati hukai. Maarufu zaidi ni ule wa askari wa c kwenda c4, unaoitwa ufunguzi wa Kiingereza kwa sababu Mwingereza Howard Staunton aliutumia alipomkabili Mfaransa Saint-Amant kule Paris mwaka 1843. Mwingine unaanza na farasi kwenda f3 na una jina la mtu nitakayemwongelea sasa hivi.

Juzi pale kwenye vimbweta mshikaji mmoja aliniangalia nikisogeza askari wa c akasema, "Sasa dada, kati iko wazi kabisa, unaogopa nini?" Watu wakacheka. Nikamwambia siogopi kitu, acha kwanza nikupe nafasi ukae wewe. Wakacheka zaidi. Hicho kicheko ndicho kimenifanya niandike, maana ni kicheko kile kile nilichokisikia kwenye kikao chetu. Watu wanadhani asiyekaa katikati haitaki kati. Hapo ndipo wanapokosea.

Twende New York, Machi 1924. Palikuwa na mashindano makubwa sana, wachezaji 11, kila mmoja anakutana na mwenzake mara mbili. Bingwa wa dunia alikuwa José Raúl Capablanca wa Cuba, aliyechukua taji mwaka 1921. Huyu bwana hakuwa amepoteza mchezo wa mashindano tangu mwaka 1916. Miaka minane! Watu walianza kumwita mashine. Tarehe 22 Machi akakaa mbele ya Richard Réti, aliyezaliwa mwaka 1889 Pezinok, mji ambao leo uko Slovakia.

Réti alikuwa na kete nyeupe. Hatua ya kwanza, farasi kwenda f3. Ya pili, askari wa c kwenda c4. Ya tatu ndiyo iliyowashangaza watu: askari wa b, mtu wa pembeni kabisa, akapanda vyumba viwili mpaka b4. Kisha askofu mmoja akakaa b2, mwingine akakaa g2, mfalme akahamishiwa kwenye kona yake salama. Ukiutazama ubao unaona kama mtu anayefagia uani wakati sebuleni kuna wageni. Capablanca akaona kati iko wazi, akafanya ambacho kila mwalimu angemwambia afanye: hatua ya 9 akamweka askari wake e5, na nyuma yake d6 alikuwa amekwishamweka wa kumlinda.

Sasa sikilizeni hii, na mwenye ubao auweke ahesabu mwenyewe. Kwa hatua 15 nzima Réti hakuweka hata kete moja kwenye vile vyumba vinne vya kati. Hata moja! Lakini angalieni kete zake zilikuwa zinatazama wapi. Askofu wa b2 alikuwa anaangalia mshazari unaopita d4 na e5. Askofu wa g2, nyuma ya farasi wake, alikuwa kwenye mshazari unaopita e4 na d5. Askari wa c4 alikuwa anaitisha d5 kwa ubavuni. Farasi wa f3 alikuwa anazilenga d4 na e5. Ngome moja alikwishaileta d1, chini ya mstari wa kati. Yaani kila mtu alikuwa pembeni na kila mtu alikuwa anaangalia kati.

Hatua ya 16 akasogeza askari wa d kwenda d4. Hapo ndipo mchezo ulipofunguka. Askari wakaanza kulana katikati, na ukuta wa Capablanca uliokuwa umesimama vizuri ukaanza kubomoka. Malkia wake mweusi akaenda kula askari wa c4, ni kweli, alikula. Lakini Réti akabadilishana askofu aliyekuwa anamlinda mfalme mweusi, kisha malkia wake akaja kukaa b2, pale pale alipokuwa amekaa yule askofu, akampiga mfalme shaa kwenye mshazari ule ule mrefu. Mfalme akakimbia. Hatua ya 23 ngome nyeupe ikala askari wa d6. Hatua ya 24 ngome ya pili ikaja kusimama nyuma ya mwenzake. Hatua ya 31 hiyo ngome ya pili ikapanda mpaka d5, ikamwelekea malkia, na bingwa wa dunia akaweka mikono chini.

d5, wadau. Chumba cha kati. Mtu aliyekaa hatua 15 bila kugusa kati alimaliza mchezo akiwa amekaa katikati, na aliyeikimbilia kati ndiye aliyeondoka. Huu ndio mchezo ninaotaka mtoto wa Haydom, wa Dongobesh, wa Katesh na wa Basotu auone kabla hajaona mwingine wowote.

Najua mtaniambia nisitie chumvi. Sitii. Tuseme ukweli wote. Mashindano yale Réti hakuyashinda. Aliyeshinda ni Emanuel Lasker, mzee wa miaka 55 wakati huo, kwa pointi 16 kati ya 20. Capablanca alikuwa wa pili kwa 14.5. Réti alimaliza wa tano kwa 10.5. Kwa hiyo ufunguzi wa pembeni sio dawa ya mganga kwamba ukiufanya tu unashinda. Nami sijasema hivyo. Nilichosema ni kwamba sio uoga na sio kukosa akili, na ushahidi ninao.

Na kama mchezo mmoja hauwatoshi, nawapa mwingine. Desemba 1987, Seville, Hispania. Garry Kasparov anatetea taji lake dhidi ya Anatoly Karpov. Imebaki michezo mmoja, wa 24, na Kasparov yuko nyuma kwa pointi moja. Sare inampoteza. Kushindwa kunampoteza. Lazima ashinde siku hiyo moja, mbele ya mtu mgumu kuliko wote duniani kufungwa. Wewe ungeanzaje? Wengi tungekimbilia kati tukawasha moto. Kasparov alisogeza askari wa c, c4. Akajenga taratibu, akambana mwenzake kidogo kidogo, akashinda. Matokeo ya mwisho yakawa 12 kwa 12 na taji likabaki kwake. Mtu mwenye shida kuliko wote, siku ya shida kuliko zote, alianzia pembeni. Sasa huyo naye ni muoga?

Upande wa pili una hoja nzito na sitaki kuipita kimya kimya. Makocha wengi wanasema mwanafunzi aanze na askari wa mfalme kwenda e4 kwa sababu michezo ya wazi inafundisha mapigano. Unaona mitego, unajifunza kuhesabu, unapigwa unakoma. Daktari Siegbert Tarrasch wa Ujerumani, ambaye vizazi vizima vilijifunza kwake, alisimamia hilo la kuikalia kati. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa tatu, ambaye ndiye anayetufunga wote hapa, alisimama kwenye kikao akasema, "Mtoto ukimpa ujanja kabla ya msingi unamharibu." Ni kauli ya mtu anayejua anachosema.

Lakini nauliza: huo ushauri uliandikwa kwa mtoto gani? Uliandikwa kwa mtoto mwenye mwalimu. Mtoto ambaye akinaswa leo na ule mtego wa hatua nne, ambapo malkia na askofu wanamfunga mfalme kabla hata hujakaa vizuri kwenye kiti, kesho kuna mtu wa kumwonyesha alipokosea. Sisi tutakuwa kule wiki mbili tu. Baada ya hapo tunapanda basi tunarudi chuo na wale watoto wanabaki na ubao. Shule nyingi simu ni marufuku, kwa hiyo msiniambie habari za programu za kwenye intaneti. Lichess ni ya bure na ni nzuri sana, natumia kila siku, lakini haitamfikia mtoto wa bweni. Kitakachobaki pale ni ubao, kete, na chochote tutakachokuwa tumekiacha kichwani mwao.

Ufunguzi wa kati una matawi mengi kuliko mti wa mkuyu. Ukicheza e4 mwenzako anaweza kukujibu kwa njia nyingi tofauti, na kila njia ina vitabu vyake. Mtoto wa mjini mwenye kocha anakariri hizo njia kama sisi tunavyokariri desa usiku wa kuamkia mtihani. Mtoto wa kwetu hana desa. Sasa ukimpeleka kwenye mashindano akacheze kule kule ambako mwenzake amekariri, umemtuma akafanye mtihani wa somo ambalo hakufundishwa. Lakini mpe mpangilio mmoja: askari wa c, askari wa g, askofu g2, farasi f3, mfalme kwenye kona. Mpangilio huo unaandikika kwenye ukurasa mmoja wa daftari. Unaweza kuupanga karibu kila mpinzani anapocheza chochote, na ukiwa na kete nyeusi unaweza kuupanga unaofanana nao. Mtoto anafika hatua ya nane akiwa salama, mfalme amelala, kete zote zina kazi, na mpinzani wake ametoka kwenye desa. Kuanzia hapo ni kichwa kwa kichwa. Mimi nataka wafike hapo.

Na mapigano watayapata tu. Hakuna mchezo wa sataranji usio na mapigano, yanachelewa tu. Muhula wa pili, wakishazoea, wafundishwe na e4 pia. Sijasema tufunge mlango.

Kuna sababu nyingine inayonifanya niamini watoto wa kwetu watauelewa ufunguzi huu haraka kuliko tunavyodhani. Kwetu ni nchi ya wakimbiaji. Gidamis Shahanga wa Hanang alichukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, na ya mita 10,000 kule Brisbane mwaka 1982. Filbert Bayi alizaliwa Karatu, ambako zamani ilikuwa Mbulu hiyo hiyo. Sasa Bayi, tarehe 2 Februari 1974 kule Christchurch, alitoka mbele tangu mlio wa bastola na hakumpa mtu nafasi mpaka mwisho wa mita 1,500, akaweka rekodi ya dunia ya 3:32.16. Huo ndio mchezo wa kuishika kati mapema, na ulikuwa mzuri ajabu. Lakini Septemba 2025 kule Tokyo jirani yetu wa Singida, Alphonce Simbu, alikimbia marathoni nzima ya ubingwa wa dunia, akaingia uwanjani bado kuna mtu mbele yake, akampita kwenye mstari wenyewe kwa sekunde 0.03. Wote wawili walishinda. Nani atamwambia Simbu kwamba alikuwa anaogopa kuongoza? Mtoto aliyekulia kwenye milima ile, anayekimbia kwenda shule kila asubuhi, anajua tofauti ya kuwa nyuma na kuvizia. Hilo tayari analo, hatuna haja ya kulifundisha. Tunamwonyesha tu jinsi linavyokaa kwenye ubao.

Na wale wazee wa bao nao wanajua. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, lakini hawaanzi na kete zote ubaoni. Kila mmoja anashika kete 22 mkononi na kuziingiza moja moja wakati wa kunamua. Mwenye haraka anaonekana mapema na anaumia mapema.

Sasa kuhusu jezi. Wanaotaka jezi wana haki yao, mpira unapendwa na unakusanya watu. Lakini shule zote mbili zina timu, na timu ni wachezaji 11 na wa akiba, zaidi ni wavulana. Jezi zinachanika, mipira inatoboka, baada ya mwaka tunaulizwa tena. Ubao wa sataranji unakaa miaka. Watu wawili wanacheza, wanne wanasubiri na kubishana, na msichana anakaa mbele ya mvulana bila mtu kuangalia nani ana misuli. Mvua ikinyesha Mbulu, na mnajua baridi yake, mpira unalala. Ubao haulali.

Na hatuna haja hata ya kununua zote. Tununue mbao chache nzuri za mfano, zilizobaki tuzitengeneze wenyewe na watoto: kipande cha plaiwudi, rula, rangi mbili. Kete tunatumia vizibo vya soda, tunaandika juu kwa kalamu ya wino mzito: M ya mfalme, F ya farasi, N ya ngome. Malkia tumwandikie L ili asigombane na mfalme, hahaha. Nimeshawahi kucheza na kete za namna hiyo na mchezo ni ule ule.

Mtaniuliza, kuna mtu gani wa ukanda wetu aliyefika popote kwa njia hii? Yupo. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala. Aliingia kwenye kibanda alipokuwa Robert Katende anafundisha watoto sataranji, aliingia kwa sababu kulikuwa na uji. Mwaka 2010 akaiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji kule Khanty-Mansiysk, Urusi. Mwaka 2012 kule Istanbul akapata hadhi yake ya kimataifa ya kwanza. Mwaka 2016 ikatoka filamu ya maisha yake, na Lupita Nyong'o wa Kenya akaigiza kama mama yake. Sisemi kila mtoto atakuwa Phiona. Nasema kibanda kile hakikuwa na chochote ambacho sekondari zetu hazina. Uji tunao.

Kuna wasiwasi wa wazazi, na huu nauheshimu. Nilipomwambia mama kwenye simu, jambo la kwanza aliloniuliza ni, "Mwanangu, huo mchezo hauna kamari ndani yake?" Nikamwambia hauna, mama. Akakaa kimya kidogo, akauliza, "Na ng'ombe watachungwa na nani?" Hilo la ng'ombe sikuwa na jibu zuri, tukacheka. Lakini la kamari tulichukulie kwa uzito. Nyumbani watu wameona vijana wakipoteza hela kwenye mikeka ya mpira, na wakiona vijana wawili wameinamia ubao watafikiria hicho hicho. Kwa hiyo kabla ya kugusa ubao tukae na wazazi na walimu tuwaeleze. Tusipofanya hivyo mbao zitafungiwa kabatini wiki tuliyoondoka, na hatutakuwa na wa kumlaumu.

Mdogo wangu yuko kidato cha pili. Likizo iliyopita alinikuta nacheza peke yangu, akakaa, akatazama muda mrefu bila kusema kitu. Ndiyo tabia yake. Baadaye akauliza, "Dada, kwa nini hii yako yote iko pembeni?" Nikamwekea ule mchezo wa 1924, hatua kwa hatua. Tulipofika hatua ya 16 akaweka kidole kwenye d4 kabla sijaisogeza. Sikumwambia. Aliiona mwenyewe.

Sasa niseme na hatari, maana hapa ndipo nisipotaka mnielewe vibaya. Ufunguzi wa pembeni una ugonjwa wake. Ukikaa pembeni ukaona raha, ukaendelea kupanga, kupanga, kupanga, mwenzako anajaza kati na kukubana mpaka pumzi inakata. Mchezo wa Réti bila hatua ya 16 ni mchezo wa kushindwa. Mpangilio mzuri wote ule ungekuwa mapambo. Kwa hiyo kila mtoto tutakayemfundisha c4 afundishwe na swali la kujiuliza kila hatua: d4 yangu inakuja lini? Nani wa kuisaidia? Nikichelewa nini kitatokea? Asiyejiuliza hivyo ndiye ningemwita muoga.

Na niseme moja ambalo sio la ubaoni. Mkoa wa Manyara ulimegwa kutoka Arusha mwaka 2002, na mpaka leo nikitaja Hanang hapa chuoni watu wananiuliza ni wapi. Wengi waliisikia Katesh kwa mara ya kwanza tarehe 3 Desemba 2023, siku tope liliposhuka kutoka mlimani likaua watu wetu. Kabla ya hapo tulikuwa hatupo, baada ya hapo tukawa habari ya wiki mbili. Nimechoka kusikia kwamba kijana wa kwetu akitaka kuwa mtu lazima akimbilie mjini haraka awezavyo, na asiyekimbilia amelala. Sataranji haitatengeneza barabara wala kurudisha aliyeondoka. Ila inaweza kumpa mtoto kitu cha kufanya vizuri pale alipo, akakifanya mpaka siku akija huku kati anakuja akiwa tayari, kete zake zote ziko nyuma yake.

Kwa hiyo Jumamosi pendekezo langu ni hili, na nitalisoma hivi hivi: mbao za sataranji kwa shule zote mbili, kikao na wazazi na walimu kwanza, mwalimu mmoja kila shule ajifunze pamoja na watoto ili abaki na jukumu, nusu ya nafasi ziwe za wasichana, wiki ya kwanza mwendo wa kete na jinsi ya kufunga mfalme, wiki ya pili mpangilio wa pembeni na mchezo wa Réti, wote uandikwe na kila mtoto kwenye daftari lake. Likizo ya mwakani tukirudi tucheze nao. Tukifungwa, tumefaulu.

Yule bingwa wetu wa mwaka wa tatu amesema atapinga hadi mwisho hilo la pembeni. Nimemwambia aje na ubao, tutamalizana kabla ya kura. Nina nyeupe.

Nawasilisha.